Alama ya Penseli kwenye Kadi ya Joan

Nimestaafu miezi mitatu sasa, na jambo la kwanza ninalotaka kuwaambia nyinyi mnaoingia katika uuguzi wa jamii ni kwamba nawaonea wivu. Wiki yangu ya mwisho kazini, mwanafunzi mmoja alipaka jeli kwenye tumbo la mama, akapitisha kidude kilichounganishwa na simu yake, na mtoto akaonekana kwenye kioo akinyonya kidole. Jambo hilo mimi lilinichukua miaka kulijua kwa vidole, na hata hivyo nililijua nusu. Nilimpongeza yule binti, kisha nikatoka nje kana kwamba naenda kuangalia mvua.

Mwalimu wenu aliniomba niandike mambo ya msingi ya huduma kwa wajawazito. Vyeo vyangu havijamsaidia mjamzito yeyote, kwa hiyo nitaviruka. Nitaandika juu ya matumbo, mikono, na mwenzangu Peninah, ambaye nilimwonea wivu tangu siku alipoingia kazini hadi mwezi uliopita. Kwa sababu ya wivu huo kuna mtoto aliyefariki, na sijawahi kuliandika wala kulisema hili kazini.

Nilianza kazi kwenye zahanati ya vyumba vitatu ng'ambo ya Sosiot, upande wa Kericho, majani chai mbele, majani chai nyuma, na mvua kila alasiri. Mkubwa wetu alikuwa Mama Bett, mwanamke mnene wa sauti ya chini, aliyekuwa amezalisha nusu ya watu waliomsalimia njiani. Nilimpelekea cheti changu cha diploma kikiwa ndani ya bahasha mpya. Aliiweka juu ya kabati bila kuifungua, akanipa kikombe cha chai ya moto.

"Asante, lakini nimeshakunywa," nikasema.

"Si ya kunywa," akasema. "Ni ya kushika. Kwanza pasha mikono."

Kule kwetu asubuhi ni baridi kali, na mkono baridi ukigusa tumbo, tumbo linakaza kama ngoma na husikii kitu. Kwa wiki mbili kazi yangu ilikuwa kupasha mikono na kumtazama. Huanzia juu, anatafuta nini kimekaa kwenye kilele cha mfuko wa uzazi. Halafu pembeni: upande mmoja mgongo, laini na mrefu, upande wa pili vifundo vifundo vya miguu na mikono. Halafu chini. Kichwa ni kigumu na ukikisukuma kidogo kinadunda. Matako ni laini na hayadundi, yanavuta mwili mzima. Mwisho anachukua ile pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto, anaweka sikio, na vidole vya mkono mwingine vinashika mshipa wa mama, ili asije akahesabu moyo wa mama akadhani ni wa mtoto. Muuguzi mmoja niliyemjua alifanya kosa hilo mwaka mzima na watoto wote wakawa na moyo mtulivu sana.

Mama Bett alikuwa na sheria moja kuhusu kadi za kliniki. Ulicho na hakika nacho, andika kwa wino. Unachokitilia shaka, andika kwa penseli. Atakayemwona mama huyo siku nyingine akikuta penseli, lazima apashe mikono na ampime upya kuanzia mwanzo, kisha aandike wino juu yake au aifute. "Penseli ni swali," alikuwa akisema. "Usifute kabla hujajibu." Tulikuwa na penseli moja iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, na raba ndani ya droo.

Siku za kutembelea nyumba tulivaa gambuti na kupita kwenye vijia vya katikati ya majani chai. Haya hamtayapata kwenye vitabu vyenu. Ukimkuta mchumaji shambani, usimwangalie tumbo, kwa maana ile aproni ya plastiki inaficha mimba hadi mwezi wa saba. Mwambie avue gambuti. Miguu iliyovimba, ikiachwa na alama ya gambuti kwenye muundi, ndiyo itakayokwambia umpime shinikizo la damu hapohapo. Ukifika nyumbani usifungue mkoba kabla hujakaa. Pokea mursik, yale maziwa ya kibuyu, uliza habari za ng'ombe, mwamkie kogo, yaani nyanya wa mji huo, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua kama mkamwana wake atakwenda hospitali au la. Nilikuwa hodari kwa hayo. Mimi ni mwenyeji, najua ukoo wa kila mtu, na nilijiona nimeshafika.

Mwaka wangu wa tatu akaja Peninah. Alizaliwa kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa karibu na mji wa Kericho. Wazazi wake walitoka kando ya ziwa kuja kufanya kazi kiwandani. Alikuwa na cheti kidogo kuliko changu. Kipsigis, lugha ya kwetu, alikisema kwa lafudhi ya kwao, huku akikosea kwa ujasiri, na wanawake walicheka hadi wakashika mbavu, na mwanamke anayecheka tumbo lake linalegea. Mikono yake haikuhitaji chai. Alikuwa akiiweka tu juu ya tumbo, anaangalia dirishani kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha anasema, "Mgongo uko kushoto," na mgongo ulikuwa kushoto.

Nilimchukia tangu wiki ya pili. Na alikuwa mtu mwema kwangu, hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Jumanne yangu, Alhamisi yake. Baada ya miezi michache niligundua kwamba akina mama wengi walikuwa na shughuli nyingi sana Jumanne. Mmoja alikuja, akakaa kwenye benchi, akachungulia mlangoni akaniona.

"Kwani leo si siku ya ule Sista mwingine?"

"Ni yangu, mama. Karibu."

"Ah. Basi mimi nimekuja kusalimia tu," akasema, akanisalimia, akaenda zake na tumbo lake la miezi minane.

Nikaanza kuhesabu vichwa kwenye benchi. Jumanne kumi na moja, Alhamisi ishirini na tatu. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nikila chakula cha mchana nikifanya hesabu hiyo.

Kisha ikatokea ile siku ya matako. Nilikuwa nimeandika kwa wino kwamba mtoto wa mama mmoja ametanguliza kichwa. Alhamisi Peninah akaweka alama ndogo ya penseli kando. Jumanne nilifuata sheria, nikapima upya, nikashikilia ni kichwa. Mama Bett akaja, akaweka mkono mara moja tu. "Rael," akasema, mbele ya mama mwenyewe na mwanamke anayepiga deki, "hayo ni matako. Unayashika na kuyaita kichwa." Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno. Halafu nikajifungia chooni nikalia kwa hasira, si kwa ajili ya mtoto aliyekaa vibaya, bali kwa kuwa Peninah alijua.

Sasa nifike kwa Joan. Joan alikuwa na watoto wawili na mimba ya tatu. Alichuma majani chai kwenye shamba la mumewe na kukamua ng'ombe wawili. Tarehe zake hakuzijua vizuri kwa sababu alishika mimba akiwa bado ananyonyesha. Alipokuja kwangu mara ya kwanza, tepu ilionyesha mfuko wa uzazi mkubwa kuliko miezi aliyotaja. Nikasema amekosea tarehe. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na hapo ndipo mtego ulipo.

Ziara ya pili alikuja Alhamisi, kwa kuwa Jumanne ile walikuwa wakichuma. Ya tatu akarudi kwangu. Nilifungua kadi yake nikaona, kwa mwandiko mdogo uliolala upande, neno moja la penseli: *Wawili?*

Najua nilichotakiwa kufanya. Kikombe cha chai kilikuwa palepale mezani kikitoa mvuke. Nilitakiwa kupasha mikono, kutafuta vichwa viwili, kusikiliza mioyo miwili sehemu mbili tofauti. Nikiwa na shaka tu, mama huyo alitakiwa kwenda kujifungulia hospitali kubwa Kericho, kwenye daktari na chumba cha upasuaji. Lakini sikuuona mtoto katika lile neno. Nilimwona Peninah. Nikamwona Mama Bett akiingia kuweka mkono wake, na mwanamke wa deki akisimamisha ufagio wake.

Nikafungua droo, nikatoa raba.

"Sista, unafuta nini?" Joan akauliza.

"Penseli tu, mama. Hakuna kitu."

Nikaweka pembe upande wa kushoto, nikasikia moyo mmoja, safi kabisa, na nilifurahi kana kwamba nimeshinda kesi. Upande wa kulia sikuweka sikio. Nikaandika kwa wino: mtoto mmoja, kichwa chini, ajifungulie hapa. Nikatia sahihi kubwa kuliko kawaida.

Wiki tano baadaye, asubuhi ya kliniki ya watoto, Joan alikuja kwa miguu akiwa na mama mkwe wake, uchungu umeshakolea. Peninah alikuwa nje akidunga chanjo. Mama Bett alikuwa ameenda Kericho kuchukua dawa. Nilimpokea mimi, na kila kitu kilikwenda vizuri mno. Kabla ya saa sita msichana alitoka akilia, mwekundu, mwenye hasira. Nikakata kitovu, nikamfunika, nikamkabidhi kwa kogo. Kisha nikachukua sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, ile inayozuia mama asitokwe na damu, nikamdunga Joan kwenye paja.

Someni hapa polepole. Sindano hiyo huokoa akina mama, na mtaidunga mara nyingi maishani mwenu. Lakini kabla ya kuidunga, weka mkono juu ya tumbo. Kila mama, kila mara, hata kadi ikisema nini. Mfuko wa uzazi ukikazwa wakati bado kuna mtoto ndani, unamminya, na hewa yake inakatika. Mimi sikuweka mkono. Niliiamini kadi, na kadi ilikuwa mwandiko wangu.

Niliweka mkono baada ya sindano, nikitafuta kondo la nyuma, na nikakuta tumbo bado limejaa. Nikamwita Peninah kwa jina, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Aliingia, akaweka mkono wake palepale, hakuangalia dirishani safari hii.

"Huyu wa pili amekingama," akasema. "Umeshampa sindano?"

"Ndio."

 Alipanda kwenye kitanda kwa magoti, akaanza kumgeuza mtoto kwa nje huku mfuko ukimkazia mikono, jasho likimtoka, akimwambia Joan kwa Kipsigis chake kibovu apumue, apumue, asisukume. Mwanamke wa deki alikimbia barabarani kutafuta gari. Gari halijafika, mtoto akatoka, miguu kwanza, mvulana. Hakulia. Peninah alimpulizia hewa kwa mfuko wa mpira, mimi nikimbonyeza kifua kwa vidole viwili, muda mrefu kupita ule ambao vitabu vinasema uendelee. Moyo ulipiga kidogo, ukapungua, ukaacha.

Joan hakutokwa na damu nyingi. Alipona. Gari lilipofika lilimpeleka Kericho yeye na msichana wake, na yule mwingine amefungwa kwenye shuka.

Jioni hiyo hiyo Mama Bett alituketisha wote wawili, kadi ikiwa mezani. Aliusoma wino wangu. Kisha akamgeukia Peninah. "Wewe ulimwona katikati hapa. Hukusikia chochote?"

Peninah aliichukua kadi, akaileta karibu na uso. Niliona kidole gumba chake kikipita mahali pale karatasi ilipokwaruzwa. Nilisubiri aseme. Nilikuwa tayari, nadhani.

"Hapana, Mama," akasema. "Sikusikia."

Nami nikanyamaza. Miezi michache baadaye iliamuliwa kwamba, kwa ajili ya kifo kile, mmoja wetu ahamishwe, na kwa kuwa mimi nilikuwa mwenyeji na yeye wa kuja, barua ya uhamisho ikawa yake. Alipelekwa Chebunyo, kwenye joto na vumbi na mifugo. Nilimsaidia kufunga godoro kwa kamba. Hata siku ile, nikifunga, niliona wivu: alikuwa ameninusuru, na sasa hata kwa wema alikuwa amenishinda.

Miaka iliyofuata nilikuwa mkali. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha mkono kabla ya sindano, mkono kabla ya sindano, hadi wakanipa jina la Sista Mkono Kwanza. Hawakuuliza nimelitoa wapi somo hilo. Habari za Peninah zilinifikia kidogo kidogo. Kwamba anakwenda kwa pikipiki hadi maboma ya mbali. Kwamba huko Chepalungu, upande huo wa Chebunyo, kuna wasichana wengi wanaoitwa Peninah. Mimi nimezalisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijakutana na Rael hata mmoja aliyeitwa kwa ajili yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Sikuwa na kisingizio tena cha kazi. Nilimkuta ameshastaafu pia, ana mbuzi saba na nyumba ya mabati, amekaa na watu waleale aliopelekwa kwao kama adhabu. Alinipa chai, tukazungumza juu ya magoti yetu. Halafu nikamwambia.

"Peninah, ile kadi ya Joan. Mimi ndiye nilifuta."

"Najua," akasema. "Hiyo siku nilishika karatasi nikasikia imekwaruzwa."

"Kwa nini hukusema?"

Alimfukuza mbuzi mlangoni kabla ya kujibu. "Ningesema niliandika, Mama Bett angeniuliza kitu moja. Angeuliza, na kwa nini hukumwambia Rael na mdomo? Chumba yako na yangu ni hatua kumi. Nilisikia vichwa viwili, Rael. Sikuwa na shaka. Lakini nikaandika penseli."

Sikumwelewa. Akaona sijamwelewa.

"Nilikuwa nataka upime, ukose, Mama Bett akuje tena akuaibishe kama ile siku ya matako. Wewe ulikuwa mtu ya hapo. Wageni wakitoka Kericho ni wewe uliitwa kusalimia. Ulikuwa na hiyo diploma. Mimi nilikuwa yule wa kutoka ziwa, hata chai walinipa mwisho. Nilikuonea wivu mpaka nikakonda."

Nitawaambia ukweli kwa kuwa sina mkubwa tena wa kuniadhibu. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Alinionea wivu, mimi. Ilidumu kama muda wa kumeza funda moja la chai. Kisha nikamkumbuka yule mtoto, na kikombe kikawa kizito.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wawili kwa Joan. Ni bibi sasa, na yule msichana aliyetoka akilia ana watoto wake. Tulimkuta uani akichambua maharagwe. Alituletea viti, akatupa mursik, akauliza habari za nyumbani, na alipomaliza tulimwambia yote, mimi nikianza na Peninah akimalizia: penseli, raba, sindano, na sababu. Hatukupunguza kitu. Aliendelea kuchambua maharagwe muda wote, ya kutupa upande huu, ya kupika upande ule.

"Kwa hivyo wewe ulijua ni wawili," akamwambia Peninah.

"Nilijua, mama."

"Na wewe uliona imeandikwa."

"Niliona," nikasema.

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akaweka ungo chini. Hakupandisha sauti.

"Nilikuwa nimefuma sweta moja, ya manjano," akasema. "Hiyo baridi ya huku mnaijua. Msichana alivaa. Ule mwingine tulizika na shuka ya hospitali, imeandikwa jina ya hospitali hapa kifuani. Pengine angekufa tu, mimi sijui hizo maneno ya sindano. Lakini nilikuwa na wiki tano. Mngeniambia, ningefuma ya pili."